Presha imekuja saa ngapi?

Gari limechemsha. Boneti iko juu, mvuke unafuka, na kabla mtu hajashika hata kitambaa hukumu imeshatoka: "Hiyo ni gasketi." Yaani kizibo chembamba kati ya bloku ya injini na silinda hedi, ile sehemu yake ya juu, kimekatika. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi kosa liko kwenye kifuniko cha rejeta, kwenye mpira mwembamba wa chupa ya akiba, au ni hewa tu iliyonaswa kwenye hita baada ya maji kujazwa kwa haraka. Kati ya majibu hayo kuna kazi nzima ya kufungua silinda hedi, kwa hiyo si jambo la kubahatisha. Na shahidi yupo tayari ndani ya mfumo wa kupoza injini, yaani presha ya maji yake, anangoja kuulizwa vizuri.

Tatizo ni kwamba tunaiuliza presha swali moja tu: ni ngapi? Injini mbili zinaweza kusoma bar 1 ile ile kwenye geji (bar ni kipimo cha presha, moja ni karibu sawa na ya hewa ya kawaida), moja nzima na nyingine mahututi. Ile nzima imefika hapo baada ya robo saa ya kupata moto. Ile mbovu imefika hapo dakika ya pili, mpira wa juu, ule unaotoa maji kwenye injini kwenda kwenye rejeta, ukiwa bado baridi. Swali lenye faida ni presha imekuja saa ngapi, na imeondoka vipi.

Kwa nini maji yanafungiwa

Usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Yafungie kwa bar 0.9 juu ya hewa ya kawaida, hayachemki mpaka karibu 118. Kwa bar 1.1, karibu 121. Kulanti (kimiminika cha kupozea injini) iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu husogeza mpaka huo mbele zaidi, ukavuka 125. Sasa angalia injini inafanyia kazi wapi. Themostati, vali inayoachia maji yaende kwenye rejeta yakipata moto, nyingi huanza kufunguka kati ya 82 na 90, na feni nyingi za umeme huwaka nyuzi zikiwa katikati ya tisini au zimevuka mia kidogo. Yaani injini huishi pua na mdomo na kuchemka, na kinachoizuia ni springi moja ndogo ndani ya kifuniko.

Geji ya dashibodi haikuonyeshi hilo. Inasoma joto la mahali pamoja tu. Karibu na vali za kutolea moshi chuma ni cha moto kuliko popote, na maji yanayopita pale hutoa vipovu kabla ya maji mengine. Presha ikiwepo, vipovu hivyo hufa papo hapo. Ikikosekana huungana, vinatengeneza tabaka la mvuke linalotenga chuma na maji, na silinda hedi inaanza kupinda huku mshale wa dashibodi umetulia katikati kama kawaida. Sensa ikibaki kwenye mvuke badala ya maji, mshale unaweza hata kushuka. Pampu ya maji nayo huumia upande wa kuvutia, ambako presha huwa ndogo: vipovu huzaliwa na kupasukia kwenye mapanga yake mpaka yanadonoka.

Ndiyo maana gari lisiloshika presha linaweza kwenda miezi bila kelele, halafu likachemsha siku ya kwanza kupanda mlima. Kwenye mita 1,500 maji yaliyo wazi huchemka karibu na nyuzi 95. Mlima utalaumiwa, na kifuniko kitarudishwa mahali pake.

Kifuniko, kwa karibu

Kifungue injini ikiwa baridi. Baridi maana yake mpira wa juu unaminyika kwa vidole bila kusukuma nyuma. "Imepoa kidogo" haihesabiki. Maji ya nyuzi 110 yaliyokuwa yamezuiwa na presha, sehemu yake hugeuka mvuke palepale unapoiachia, na lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutanuka kuwa zaidi ya lita 1,600. Hakuna kitambaa cha kuzuia hiyo. Na ukiwa umeinama hapo kumbuka kwamba feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe hata swichi ikiwa imezimwa.

Geuza kifuniko juu chini. Pete pana ya mpira iliyo chini kabisa ndiyo inayokalia kingo ya ndani ya shingo ya rejeta. Hiyo ndiyo inayoshika presha, ikisukumwa na springi nzito. Juu yake, karibu na bati la kushikia, kuna pete ya pili. Watu huidharau kwa kuwa haishiki presha, lakini ndiyo inayozuia hewa isiingie wakati mfumo unavuta maji kutoka chupa ya akiba. Katikati ya pete ya chini kuna kisahani kidogo kinachoshikwa na springi laini: vali ya kuvuta. Kivute kwa ukucha. Kinatakiwa kuja kidogo na kurudi chenyewe, bila kukwama.

Pete ya chini huwa na alama ya duara mahali inapokalia shingo. Alama nyembamba ni ya kawaida. Mfereji unaoshika ukucha, mpira uliokakamaa au wenye nyufa ukiukunja, basi umekwisha. Kisha pitisha ncha ya kidole kwenye kingo ya ndani ya shingo yenyewe. Magamba meupe, mkwaruzo au kutu vitavujisha hata ukifunga kifuniko kipya kila wiki, na hili ndilo jambo ambalo karibu kila mtu husahau kulikagua.

Namba iliyoandikwa juu ya kifuniko huja kwa vipimo tofauti. Kwenye magari mengi ya Kijapani utaona 0.9 au 1.1, ambazo ni kilo kwa sentimita ya mraba, karibu sawa na bar. Kifuniko kilichoandikwa 13 au 16 kinapima kwa psi, na psi 14.5 ni bar 1. Kilichoandikwa 88 au 108 kinapima kwa kilopaskali. Kwenye BMW utakuta 140 au 200, maana yake bar 1.4 na bar 2. Soma kitabu cha gari, si kifuniko ulichokikuta, maana ulichokikuta huenda kiliwekwa na mtu aliyetafuta kinachoingia tu.

Na kuna wanaopandisha namba makusudi: gari linamwaga maji kwenye 0.9, wanafunga 1.3 ili yasitoke. Maji yataacha kutoka hapo na yatatokea kwingine. Matangi ya pembeni ya rejeta ni ya plastiki iliyobanwa kwa meno ya alumini, na rejeta ndogo ya hita iko ndani, chini ya dashibodi. Huenda kimoja kati ya hivyo viwili ndicho kikapasuka.

Kupima kifuniko, kilowanishe kwa maji, kifunge kwenye adapta ya pampu ya mkono, kisha pampu polepole. Vali inatakiwa kufunguka karibu na namba yake, halafu ijifunge na kushika presha iliyobaki. Kifuniko cha 1.1 kinachofungukia 1.0 bado kinafaa. Kinachofungukia 0.6 hakifai. Kinachofungukia 1.1 lakini baada ya hapo mshale ukaendelea kuteremka mpaka sifuri pia hakifai, ingawa kwa macho ya haraka kimefaulu. Na kile kinachokataa kufunguka ni hatari kuliko vyote.

Kupima mfumo ukiwa baridi

Pampu yenyewe ni kifaa rahisi: pampu ya mkono, geji, mpira, na adapta za shingo mbalimbali. Kabla ya kulaumu gari, hakikisha haivuji yenyewe, kwa kuifunga kwenye kifuniko kizima na kutazama mshale kwa dakika mbili.

Jaza maji hadi shingoni. Hili lina sababu. Mfumo uliojaa maji ukipoteza tone dogo, mshale huanguka mara moja kwa sababu maji hayabanwi. Ukiacha hewa nyingi ndani, hewa hiyo inakuwa springi: maji yanavuja, hewa inatanuka kujaza nafasi, na mshale hausogei. Ukijikuta unapampu na kupampu bila geji kupanda, simama. Ama hakuna maji ya kutosha, ama tundu ni kubwa na unaweza kulisikia.

Panda hadi namba ya kifuniko na usizidi. Katika dakika ya kwanza mshale utashuka kidogo, kwa sababu mipira inatanuka. Rudisha pale ulipokuwa, kisha ndipo uanze kuhesabu. Upe robo saa. Mfumo mzima hautembezi mshale kwa kiasi cha kuonekana. Ukishuka bar 0.1 au 0.2 katika muda huo kuna tone mahali, linaloweza kupoteza lita kwa wiki bila kuacha dimbwi, kwa sababu injini ikiwa ya moto linakauka kabla halijafika chini. Ukianguka nusu kwa dakika moja, chukua tochi.

Kipimo hiki kina mtego. Mtu anazima injini ya moto, anafunga pampu, anapandisha presha, na baada ya dakika kumi anaona imeshuka. Bila shaka imeshuka. Maji yanapoa na kusinyaa. Hajapima uvujaji, amepima kupoa. Kama unataka kupima mfumo ukiwa wa moto, na kuna sababu nzuri ya kufanya hivyo, weka injini ikiwaka ili joto lisimame mahali pamoja.

Tafuta magamba kabla ya kutafuta maji. Kulanti inayokauka huacha ukungu mgumu wa rangi yake, waridi, kijani au mweupe, na mstari huo huelekeza mahali hasa. Angalia chini ya pampu ya maji kwenye kitundu chake cha kupumulia. Kitundu hicho kimewekwa makusudi ili sili ya ndani ikichoka maji yatokee nje badala ya kuingia kwenye beringi. Alama kavu kidogo hapo inavumilika. Mstari unaong'aa hauvumiliki. Angalia mshono wa tangi la plastiki na alumini la rejeta, hasa kwenye kona. Vizibo vya duara vya bloku hukaa mahali pabaya, nyuma ya manifoldi ya ekzosi au upande wa gia boksi, na kutu huvila kutoka ndani. Usisahau mipira midogo inayopeleka maji kwenye mdomo wa kuingizia hewa na kwenye turbo. Hiyo haionekani mpaka uitafute.

Rejeta ya hita hujitangaza kwa njia yake: kioo cha mbele kinapata ukungu wa mafuta usiofutika kwa kitambaa kikavu, kuna harufu tamu, na zulia limelowa upande wa abiria au katikati. Ukipampu presha huku mtu ameingiza pua kwenye matundu ya hewa, jibu huja haraka.

Kuna uvujaji unaotokea baridi peke yake. Plastiki na mpira husinyaa usiku, klipu iliyolegea haibani tena, na asubuhi kuna tone ambalo saa nne halipo. Kuna unaotokea kwenye moto peke yake, kama ufa wa plastiki unaofunguka ukitanuka. Kwa hiyo kufaulu kipimo cha baridi hakulitakasi gari. Kunaondoa nusu ya washukiwa, basi.

Je, presha inashuka na huoni tone popote, ndani wala nje? Sasa ndipo silinda zinapoingia kwenye orodha. Acha mfumo umepampuliwa kwa saa kadhaa, ukiurudishia presha kila inaposhuka. Kisha toa plagi zote, zima mfumo wa petroli na wa moto, na uzungushe injini kwa stata, watu wakiwa wamekaa mbali na matundu. Silinda inayovuja itatema ukungu wa maji. Zile plagi zenyewe zitazame: tatu za kahawia na moja iliyooshwa ikawa nyeupe safi inasema kitu. Usizungushe injini kwa stata plagi zikiwa zimefungwa kama unashuku silinda imejaa maji. Maji hayabanwi, na kinachopinda ni konrodi, mkono unaoshika pistoni.

Presha inayotangulia joto

Ndani ya silinda, wakati wa kuwaka chini ya mzigo, presha hufika makumi ya bar. Upande wa pili wa gasketi kuna maji ya bar 1. Njia ikifunguka kati yao, hata nyembamba kama unywele, gesi itaenda kwenye maji injini ikiwaka, na maji yataenda kwenye silinda injini ikizimwa. Uelekeo hubadilika kwa kufuata nani ana presha kubwa wakati huo, na karibu kila dalili ya gasketi inatokana na hilo.

Kipimo cha bei rahisi kuliko vyote hakihitaji kifaa. Endesha gari mpaka lipate moto, lilaze usiku kucha bila kuligusa, na asubuhi, kabla ya kuliwasha, fungua kifuniko taratibu. Presha iliyotokana na joto haikai usiku: maji yamesinyaa, mvuke umerudi kuwa maji. Gesi ya moto wa silinda hairudi kuwa kitu kingine. Inabaki gesi, imefungiwa, inakungoja. Kwa hiyo mfumo mzima utakaa kimya, au utavuta hewa ndani kidogo. Ukisikia pumzi ikitoka nje, "sss" ya sekunde mbili, na maji yakapanda shingoni, una ushahidi ambao ni vigumu kuupinga. Nasema vigumu kwa sababu gari lililojazwa maji alfajiri ya baridi na kufunguliwa limekaa juani linaweza kutoa pumzi ndogo bila kosa lolote. Linganisha na hali ya hewa.

Hatua inayofuata ni kufunga pampu ya mkono kwenye shingo bila kupampu, geji ikiwa sifuri, na kuwasha injini baridi. Tazama mshale na shika mpira wa juu. Kwenye injini nzima, mshale hukaa karibu na sifuri dakika za mwanzo na kupanda pamoja na joto, bila haraka. Ukiruka hadi bar 0.5 ndani ya dakika moja au mbili, mpira ukiwa mgumu kama ubao lakini bado wa baridi, hiyo si joto. Mara nyingine mshale hutetemeka kwa kufuata mlio wa injini. Ukiona hivyo, ondoa umeme wa injekta moja moja kwa sekunde chache. Silinda ambayo ikizimwa mtetemo unakoma ndiyo yenye tatizo. Wakati wote huo usiache presha ipite namba ya kifuniko, maana kifuniko kimeondolewa na hakuna vali ya kukuokoa. Ukikaribia, zima injini na uiachie polepole kwa vali ya kifaa.

Kimiminika cha buluu cha kupimia gesi hugeuka manjano kikikutana na kaboni dayoksaidi. Ni kipimo kizuri kikifanywa kwa uvumilivu. Injini iwe ya moto na themostati imefunguka, maji yapunguzwe sentimita tano hivi chini ya shingo, kisha uvute hewa iliyo juu ya maji ipite kwenye kichupa cha kimiminika hicho kwa dakika mbili. Ukivuta kulanti yenyewe ndani ya kichupa, rangi inaharibika na jibu halina maana. Injini ya dizeli ikisimama bila mzigo hutoa kaboni dayoksaidi kidogo, kwa hiyo ipe muda zaidi na mizunguko zaidi. Na buluu iliyobaki buluu haithibitishi uzima: kuna gasketi zinazovuja tu gari likipanda mlima na mzigo. Rudia mara baada ya safari.

Njia ya kumaliza ubishi ni kuingiza hewa ya kompresa kwenye silinda, bar 6 hivi, pistoni ikiwa juu kabisa na vali zote mbili zimefungwa, huku unatazama maji kwenye shingo. Vipovu vikija ukiwa kwenye silinda ya pili na ya tatu, gasketi imekatika katikati yao au hedi ina ufa. Ondoa spana kwenye boliti ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, kabla ya kufungua hewa. Pistoni ikipitiliza kidogo, hewa huizungusha krenki kwa nguvu, na mkono ulioshika spana ndio utakaolipa.

Sasa, kabla hujaagiza gasketi, kuna wanaojifanya gasketi, na hawa wamesababisha hedi nyingi kufunguliwa bure. Kwenye dizeli, kipozeo cha moshi unaorudishwa kwenye injini kina moshi upande mmoja na maji upande mwingine. Kikitoboka hupitisha gesi kwenye maji, hugeuza buluu kuwa manjano, hutoa moshi mweupe, na gasketi haina habari. Kitenge kwa kuunganisha mipira yake miwili ya maji pamoja, kisha rudia kipimo. Lori lenye kompresa ya breki ya hewa inayopozwa kwa maji ya injini linaweza kusukuma hewa safi kwenye rejeta kupitia gasketi ya kompresa. Hapo vipovu ni vingi lakini buluu haibadiliki. Gari lililofungwa mfumo wa gesi lina kifaa cha kupasha gesi joto kwa maji ya injini, na utando wake ukipasuka, gesi ya mtungini inaingia kwenye maji. Hapo pia buluu hukaa buluu.

Na wa nne ni hewa ya kawaida iliyonaswa. Gari limebadilishwa maji jana, leo linatema maji, mshale unapanda na kushuka. Mfuko wa hewa ukifika kwenye chuma cha moto, maji yanayouzunguka huchemka kwa kishindo na kusukuma yaliyobaki nje. Toa hewa kwanza: pua ya gari juu, hita kwenye moto wa mwisho, skrubu za kutolea hewa zifunguliwe mpaka maji yatoke bila kupiga chafya. Afadhali zaidi ni kifaa cha kuvuta utupu, ambacho hunyonya hewa mpaka karibu bar 0.8 chini ya sifuri, kinakaa dakika chache kuthibitisha hakuna tundu, ndipo kinaachia kulanti iingie yenyewe kila kona.

Presha inayopita sifuri kwenda chini

Mpira wa juu umenywea, pande zake zimegusana kama mfuko mtupu, na injini imepoa. Mfumo unavuta na hakuna kinachoingia. Ama ile vali ndogo ya katikati ya kifuniko imeganda, ama mpira wa kwenda chupa ya akiba umeziba au umekunjika.

Kinyume chake ni cha kawaida zaidi na hakionekani. Chupa ya akiba imejaa hadi alama ya juu, mwenye gari anaridhika kila asubuhi, na rejeta haina maji. Mpira mwembamba una ufa juu ya usawa wa maji, au ile pete ya juu ya kifuniko imechoka. Injini ikiwa ya moto maji yanasukumwa kwenda kwenye chupa; ikipoa inavuta hewa kupitia ufa kwa sababu hewa ni nyepesi kuvutwa kuliko maji. Kila siku kijiko kimoja. Dawa ni kipande cha mpira, na hiki ndicho kinachosikitisha, kwa sababu mwisho wake ni hedi iliyopinda.

Magari yenye tangi la akiba lenye presha, lile la plastiki nene lenye kifuniko cha kuzungusha, hayana mchezo huu. Hayo yanahitaji nafasi ya hewa ndani ya tangi, na ukijaza hadi mdomoni, maji yakitanuka hayana pa kwenda isipokuwa kupitia vali. Dimbwi utakaloliona chini umelisababisha mwenyewe.

Presha ya pampu

Kuna presha nyingine inayochanganywa na hii. Pampu ya maji husukuma upande mmoja na kuvuta upande mwingine, na tofauti hiyo hukua na mizunguko. Rejeta za zamani zenye tangi juu na chini huwa na kifuniko upande wa kuingilia maji. Zikiziba ndani, ukikanyaga mafuta maji hurundikana pale na kufungua kifuniko kabla ya wakati wake. Dalili yake ni gari linalotulia mjini na kutema maji kwenye mwendo. Mpira wa chini ukinywea ukiongeza mizunguko na kurudi ukiachia, pampu inavuta kuliko rejeta inavyoweza kutoa, au springi ya ndani ya mpira huo imeliwa na kutu. Pitisha kipimajoto cha mwanga juu ya uso wa rejeta: joto linatakiwa kushuka taratibu kutoka upande wa kuingilia hadi wa kutokea. Madoa ya baridi katikati ni mirija iliyoziba.

Watu wanaotoa themostati "ili gari lisichemshe" wanaharibu vipimo hivi vyote. Injini inachelewa kupata moto, ratiba ya presha inapotea, na hujui tena mapema ni ipi. Irudishe kabla ya kupima.

Oili na maji

Presha ya oili injini ikiwaka huwa bar kadhaa, ya maji bar 1. Kipozeo cha oili kikitoboka, oili huingia kwenye maji injini ikiwaka: utaona utando wa kahawia kwenye shingo ya rejeta huku kijiti cha oili kikiwa safi. Injini ikizimwa oili hupoteza presha mara moja lakini maji bado yana yake, kwa hiyo yanaweza kurudi upande wa pili, kidogo kidogo. Kwa gia ya otomatiki inayopozwa ndani ya tangi la rejeta ni hivyo hivyo, na mchanganyiko wake una rangi ya maziwa ya waridi. Ukiuona kwenye gia boksi, usiendeshe hata mita moja zaidi.

Maziwa meupe chini ya kifuniko cha oili peke yake hayatoshi kuhukumu. Gari la safari fupi fupi hukusanya unyevu hapo. Futa, nenda safari ya saa nzima, angalia tena.

Ukishatengeneza, chochote kile, rudisha geji kwenye shingo injini ikiwa baridi, washa, na andika: dakika ya pili presha ngapi, ya tano, ya kumi, na dakika gani mpira wa juu ulipopata moto ghafla, maana hapo ndipo themostati ilipofunguka. Zima, andika tena kila dakika kumi mshale ukishuka. Baada ya kuwasha na kupoza mara tatu kagua usawa wa maji, ongeza kilichopungua, na ikifika mara ya nne kisipungue kitu. Karatasi hiyo ikae kwenye gari. Siku likichemsha tena, utakuwa na ratiba ya injini hiyo hiyo ilipokuwa nzima.